Mwenzangu kazini ana sonona na ari imemwisha: nimsaidieje?

Swali: Mwenzangu wa uhasibu, hapa Dar es Salaam, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika ofisini. Sasa ni mwezi wa pili, ukipita saa tatu yuko mbele ya kompyuta, ukipita saa saba ukurasa ni ule ule na chai imepoa pembeni. Daktari kasema ni sonona. Bosi anasema ni uvivu.

Sonona ni ugonjwa. Huzuni, au kutofurahia chochote, hudumu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na hufuatana na dalili nyingine: usingizi kuvurugika, chakula kutopita, uchovu, akili kutotulia, kujiona si kitu. Mvivu akikwepa kazi, huko alikokwepea anafurahi. Mwenye sonona hata mpira alioupenda hauna ladha. Wengi kwetu huanza kwa kulalamikia kichwa na mwili. Wanapima malaria mara mbili tatu, hamna kitu.

Swali: Kila siku namwambia "jikaze, piga moyo konde". Kwani vibaya?

Nia ni njema, ila acha. Kujikaza anajikaza tayari. Kuoga na kupanda daladala tu kumemmaliza. Ukimwambia hivyo anasikia kwamba kosa ni lake.

Swali: Sasa ari yake itarudije?

Msiisubiri. Tumezoea kudhani ari hutangulia, kazi ikafuata. Kwenye sonona anayesubiri ajisikie kufanya jambo atasubiri sana. Ndiyo maana mojawapo ya tiba zake ni kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli kidogo kidogo, na ari huja nyuma ya tendo, tena polepole.

Kwa hiyo usimwambie "maliza hesabu za mwezi". Vuta kiti, sema: "Tuanze na risiti hizi kumi. Mimi nasoma, wewe unaingiza." Zikiisha, simameni mkanywe chai. Siku akiishia ya sita, sita si haba. Kazi ndefu ikateni vipande na muandike karatasini, maana kumbukumbu nayo huyumba. Muulize pia saa gani huwa na unafuu (wengi asubuhi ndiyo ngumu), kazi ya kuumiza kichwa iwekwe hapo.

Lakini usimfanyie yote. Wema wa namna hiyo humfanya ajione mzigo, na wewe baada ya wiki tatu utaanza kumnung'unikia kwa wenzako.

Swali: Ana wiki ya pili kwenye dawa, haoni tofauti, anataka kuziacha.

Si panadol hizo. Nafuu huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, na maudhi madogo kama kichefuchefu mara nyingi hutangulia. Arudi kwa aliyemwandikia, asiache ghafla. Hata akipona, daktari humtaka aendelee nazo kwa miezi kadhaa.

Swali: Anaogopa kuomba ruhusa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Msindikize ukipenda, ila habari ya ugonjwa ni yake. Usiwe wewe wa kuipeleka kwa bosi.

Swali: Juzi alisema "bora nisingekuwepo". Nikabadilisha mazungumzo.

Mrudie leo. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Akikubali, usimwache peke yake. Dawa nyingi na sumu ya panya ziondolewe karibu yake, mwite ndugu anayemwamini, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Akikuomba usimwambie mtu, usimwahidi. Atakununia, pengine kwa muda mrefu. Nenda naye hivyo hivyo.