Runi na Miungu ya Skandinavia ya Kale: Yaliyosimuliwa na Yaliyochongwa

Ile alama ya Bluetooth iliyomo katika simu ya mkononi ni herufi mbili za runi, yaani maandishi ya kale ya Skandinavia, zilizopandanishwa: H, iliyoitwa hagall, na B, iliyoitwa bjarkan. Ni herufi za mwanzo za jina la Harald Bluetooth, mfalme wa Denmaki aliyesimamisha jiwe kubwa huko Jelling yapata mwaka 965, akachongesha juu yake kumbukumbu ya wazazi wake, Gorm na Thyra, pamoja na fahari yake ya kuwaingiza Wadenmaki katika Ukristo. Hivyo runi zinazoonekana kila siku mikononi mwa watu zinamhusu mfalme aliyeiacha miungu ya mababu zake. Ninaanza na jambo hili kwa makusudi. Watu wengi huzijua runi kama alama za uchawi tu, ilhali kwanza zilikuwa herufi za kuandikia, na uhusiano wake na miungu, ambao ni wa kweli na wa kale, hauwezi kueleweka vizuri mpaka hilo likubalike.

Runi za mwanzo zilikuwa 24. Mfululizo wake huitwa futhark kutokana na sauti za herufi sita za kwanza, kama wazee wetu walivyosema alifu-be-te kwa herufi za Kiarabu. Miongoni mwa maandishi yake ya kale kabisa ni neno moja, harja, lililochongwa kwenye kitana kilichopatikana Vimose, Denmaki, cha yapata mwaka 160. Mistari ya runi ni ya wima na ya mshazari, wala hakuna ya mlalo, kwa kuwa mchongaji wa ubao hukwepa kukata sambamba na nyuzi za mti, ambako mkato hupotea au ubao hupasuka. Kufikia karne ya 8 herufi hizo zilikuwa zimepunguzwa zikabaki 16, na ndizo walizotumia Waviking, mabaharia wa Skandinavia ya kale.

Masimulizi yanazihusisha runi na Odin, mkuu wa miungu, kuliko mungu mwingine yeyote. Katika utenzi uitwao Hávamál, Odin mwenyewe anaeleza jinsi alivyoning'inia usiku tisa juu ya mti unaopigwa na upepo, akiwa amechomwa mkuki, ametolewa sadaka kwa Odin, yeye kwa yeye. Hakuna aliyempa mkate wala kinywaji. Akatazama chini, akaziokota runi huku akipiga ukelele, kisha akaanguka. Tuzingatie kwamba aliziokota: utenzi hausemi kuwa Odin alizibuni, bali kwamba zilikuwako, naye akazipata kwa mateso ya mwili wake. Neno rún katika lugha ya utenzi huo lina maana ya siri pia, na kwa maoni yangu simulizi hili linaonyesha jinsi jamii yenye wasomaji wachache ilivyoutazama ujuzi wa kuandika, yaani kama elimu isiyopatikana bure.

Hata hivyo, utenzi huo umetufikia kwa hati iliyoandikwa Aislandi katika miaka ya 1270, zaidi ya karne mbili na nusu baada ya nchi hiyo kupokea Ukristo. Ndiyo maana ushahidi wa mawe na madini una uzito wa pekee. Jiwe la Noleby nchini Uswidi, la yapata mwaka 600, linazitaja runi kuwa zimetoka kwa miungu. Mwaka 2020, huko Vindelev, si mbali na Jelling, ilifukuliwa akiba ya dhahabu, na mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba pambo mojawapo, la mwanzoni mwa karne ya 5, lina maneno yanayomtaja mtu kuwa ni mtu wa Odin. Hayo ndiyo maandishi ya kale zaidi yanayojulikana kumtaja mungu huyo.

Lakini kwenye mawe ya kumbukumbu mungu anayeombwa ni Thor, mungu wa ngurumo. Jiwe la Glavendrup, katika kisiwa cha Fyn, lilisimamishwa na Ragnhild kwa ajili ya mumewe Alli mwanzoni mwa karne ya 10. Baada ya kumsifu marehemu, mchongaji wake, Soti, anaandika: "Thor azitakase runi hizi." Kisha inafuata laana kwa yeyote atakayeliharibu jiwe hilo au kulikokota ili limkumbuke mtu mwingine. Odin alizipata runi, basi, na Thor akawa mlinzi wa runi hizo. Kibati cha shaba kilichopatikana Kvinneby, katika kisiwa cha Öland, kinamwomba Thor amlinde kwa nyundo yake mtu aitwaye Bofi. Msomaji anayeijua hirizi hatahitaji maelezo zaidi.

Tyr, mungu wa vita, yumo ndani ya herufi zenyewe, kwa kuwa runi ya T ilibeba jina lake, na utenzi mwingine unamwagiza shujaa achonge runi za ushindi kwenye upanga na kulitaja jina la Tyr mara mbili. Anayetoa mafunzo hayo ni mwanamke, Sigrdrífa, aliye valkiria, yaani mmoja wa wanawake wa kivita wanaomtumikia Odin. Katika utenzi wa Völuspá nako, wasichana watatu wanaopanga maisha ya wanadamu, Urd, Verdandi na Skuld, wanachonga kwenye vipande vya mti. Freyja, mungu wa kike, alisifika kwa aina nyingine ya uganga, iitwayo seiðr, ambayo aliwafundisha miungu wenzake. Dai kwamba runi nane za kwanza ni zake halina msingi, kwani hati za Aislandi zinaliita kundi hilo ukoo wa Freyr, kaka yake. Vilevile kipande kitupu kinachouzwa leo pamoja na runi za kupigia ramli ni ubunifu wa karne ya 20.

Baada ya moto wa mwaka 1955 katika mji wa Bergen, Norwei, wachimbuzi walifukua mamia ya vijiti vyenye runi: lebo za mizigo, sala za Kilatini, maneno ya mapenzi, na kimoja kinachosema tu kwamba Gyda anakutaka urudi nyumbani. Kijiti kingine, cha mwishoni mwa karne ya 12, wakati mji ulikuwa umejaa makanisa, kina salamu: "Uwe mzima, na mwenye moyo mwema. Thor akupokee, Odin akumiliki."