Je, wajua kwa nini ukihama kampuni ya kamera lenzi zako hazihami nawe?

“Shikamoo kaka. Nina Canon 80D, lenzi ya 18-55, nyingine ya 70-300, na flashi moja. Wenzangu wananiambia kamera za kioo (DSLR) kama yangu zimekwisha, niuze vyote nihamie Sony. Nihame?”

Ujumbe huo uliniingia Jumatatu asubuhi, kutoka kwa kijana anayepiga picha za harusi na mahafali hapa Dar es Salaam. Maswali ya namna hii napata mengi, na huwa siyajibu haraka. Najua hela ya kamera ya kijana kama huyu inatoka wapi: inatoka kwenye harusi za Jumamosi, moja baada ya nyingine, na ikipotelea kwenye uamuzi mbaya hairudi msimu huo.

Ukibadili simu unahamisha laini na picha zako, kesho yake unaendelea na maisha. Kwa nini kwenye kamera kila kitu kinakwama? Jibu liko kwenye pete moja ya chuma.

Mahali pasipo na vumbi, ng'oa lenzi uchungulie mdomo wa kamera ya kioo. Utaona pete inayong'aa, vijipini vya rangi ya dhahabu vimejipanga ukingoni, na ndani kuna kioo kimelala mshazari. Nyuma ya kioo kuna shata, yaani pazia linalofunguka na kufungwa unapopiga, na nyuma ya shata kuna sensa, kile kipande kinachopokea picha. Umbali kutoka kwenye pete hadi kwenye sensa haubadiliki, na kila kampuni imechagua wake. Canon za kioo ni milimita 44. Nikon za kioo ni milimita 46.5.

Tofauti ni milimita 2.5 tu, lakini ndiyo inayoamua nani aingie kwa nani. Lenzi ya Nikon imeundwa ikae milimita 46.5 kutoka kwenye sensa. Ukiileta kwenye Canon, unaweka pete nyembamba ya kujazia zile milimita 2.5, na inaona sawasawa hadi mwisho wa upeo. Sasa geuza. Lenzi ya Canon inataka milimita 44, na bodi ya Nikon, yaani kamera yenyewe bila lenzi, tayari iko kwenye 46.5. Hakuna pete ya kupunguza umbali. Ungelazimika kuichonga kamera. Ukilazimisha, lenzi inakaa mbele mno na inakuwa kama mtu asiyeona mbali. Nimepiga hesabu kwa lenzi ya milimita 50: haitafokasi kitu kilicho mbele zaidi ya mita moja hivi. Pete kidoleni mwa bibi harusi utaipata, bibi harusi mwenyewe akisimama na bwana wake huwapati. Zipo adapta, yaani pete za kuunganishia, zenye kipande cha lenzi ndani cha kurekebisha kasoro hiyo, lakini ukali wa picha unapungua, na mimi simshauri mtu azinunulie kazi ya kulipwa.

Umbali wote ule uliachwa kwa ajili ya kioo, ili kipate nafasi ya kuruka juu kila unapobonyeza. Mwaka 2008 Panasonic walitoa G1, kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kioo, kwa mfumo waliouunda pamoja na Olympus. Kioo kilipoondoka, sensa ikasogea mbele. Sony walianza mdomo wao wa E mwaka 2010 kwa milimita 18. Mwaka 2018 Canon wakaja na mdomo wa RF wa milimita 20, na Nikon wakaja na wa Z wa milimita 16. Ndiyo maana lenzi karibu zote za zamani zinaweza kuvalishwa kamera mpya, kwa sababu sasa kuna nafasi ya kuweka adapta. Ya Canon kwenda Canon mpya inajaza milimita 24, ya Nikon kwenda Nikon mpya inajaza 30.5. Njia hii ni ya kwenda tu. Lenzi ya RF uliyonunua leo huwezi kuirudisha kwenye 80D kesho.

Kuingia ni jambo moja, kuelewana ni jingine. Vile vijipini vya dhahabu ni mdomo na sikio: bodi inaiambia lenzi ifokasi wapi na ifungue tundu kiasi gani, lenzi inajibu. Kila kampuni ina lugha yake. Hapa historia inawasaidia wenye Canon. Mwaka 1987 Canon waliitupa mifumo ya nyuma na kuanzisha mdomo wa EF, wenye mota ndani ya lenzi na mawasiliano yote ya umeme. Waliokuwa na lenzi za FD, mfumo wa zamani, waliumia sana, maana zilikuwa za milimita 42 na hazikuweza kuvalishwa bodi mpya kwa adapta tupu. Lakini maumivu yale ndiyo yanayowafaa wapiga picha wa leo: lenzi ya EF ya mwaka 1987 ukiiweka kwenye bodi ya RF kwa adapta ya Canon, inafokasi yenyewe. Nikon walikwenda njia nyingine, wakautunza mdomo wao wa F tangu 1959. Ni uaminifu mkubwa kwa wateja, ila lenzi zao nyingi za zamani hazina mota. Zinazungushwa na bisibisi ndogo iliyo kwenye bodi. Adapta yao ya kwenda Z, iitwayo FTZ, haina bisibisi hiyo. Kwa hiyo mwenye lenzi za AF-D, zile zisizo na mota, atafokasi kwa mkono, na mwenye AF-S, zenye mota ndani, hana shida.

Na ukivuka kampuni? Lenzi ya EF inapanda kwenye Sony kwa adapta yenye mkalimani ndani. Mchana inafanya kazi vizuri. Ukumbini gizani, au ukirekodi video, unaweza kuiona inakwenda mbele na nyuma ikitafuta uso huku maharusi wakikupita.

Sasa nilipofungua mzigo wa kijana wangu, nikakuta jambo ambalo wengi hawalitazami. Ile 18-55 yake ni ya EF-S, imeundwa kwa sensa ndogo. Akiivalisha kamera ya ful fremu, yaani ya sensa kubwa, kama Canon R6 Mark II, kamera itakata kingo na kutumia katikati tu ya sensa, na megapikseli 24 zitashuka hadi 9 na kitu. Atakuwa amelipia kamera kubwa apate picha yenye pikseli chache kuliko za 80D aliyoiuza, ambayo nayo ni ya megapikseli 24. Ya 70-300 ingehama salama. Flashi isingehama kabisa kwenda Sony, kwa maana mawasiliano yake ni ya Canon. Hata Godox, kampuni ya flashi, wanatengeneza flashi ileile kwa matoleo tofauti, moja la Canon, moja la Nikon, moja la Sony. Ongeza betri za akiba, chaja, na memori kadi kama bodi mpya inataka za aina nyingine. Bei ya bodi dukani ni mlango tu wa gharama hizo.

Nilimuuliza kitu kimoja: “Mdogo wangu, picha zako zinaharibikia wapi?” Akasema zina chenga. Nikamwomba anitumie moja na mipangilio yake. Ilikuwa ya ukumbini, usiku: lenzi kwenye 55, tundu f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), shata sehemu moja ya 125 ya sekunde, ISO 12800 (kiasi cha kuikuzia sensa mwanga; ikipanda, chenga huongezeka). Kwenye shati jeupe la bwana harusi chenga zilikuwa nyekundu na kijani, na ngozi ya bibi harusi ilikuwa kama imepakwa mchanga.

Hapo jibu lilishajileta. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ile ya f/5.6. Kwa shata ileile, ISO ingeshuka kutoka 12800 hadi karibu 1300. Akihamia ful fremu kwa lenzi yenye tundu dogo vilevile, sensa kubwa ina eneo la mara mbili na nusu hivi ya sensa yake, basi. Mara kumi dhidi ya mara mbili na nusu. Sasa tazama bei: Canon EF 50mm f/1.8 STM ilipotoka mwaka 2015 ilikuwa kati ya dola 125 na 130 huko Marekani, na R6 Mark II ilipotoka mwaka 2022 ilikuwa dola 2,499, bodi tupu. Ni karibu mara ishirini. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwenye kamera naamini hivyo kabisa, mradi mbacha wenyewe haujatoboka.

Megapikseli nazipitia haraka, kwa sababu zinawapoteza watu wengi kwa sababu ndogo. Kamera ya 24 inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Kwa uchapishaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi hiyo ni inchi 20 kwa 13. Albamu gani ya harusi inazidi hapo? Ukiruka hadi 45, upande mrefu unaongezeka kwa thuluthi moja na kidogo, na kompyuta yako inaanza kulia.

Sisemi kamera zisizo na kioo ni fasheni. Zimebadilisha kazi kweli. Zinafokasi kwa sensa yenyewe, zinalishika jicho la mtu na kulifuata hadi pembeni ya fremu, wakati kamera nyingi za kioo, ukichungulia dirishani, zina nukta za fokasi zilizojikusanya katikati. Unaona mwanga wa picha kabla hujabonyeza. Na zinaweza kupiga kimya, jambo ambalo kwenye nikaha au ibada lina heshima yake. Nikon D6 na Canon 1D X Mark III, zote za mwaka 2020, ndizo kamera kubwa za kioo za mwisho kutoka kwa kampuni hizo mbili, kwa hiyo mwelekeo uko wazi.

Lakini kila kitu kina upande wake. Shata ya kimya inaisoma sensa mstari kwa mstari. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Mara yangu ya kwanza kutumia shata ya kimya ukumbini, nilifika nyumbani nikakuta michirizi ya kahawia imekatiza nyuso za wazazi wa bibi harusi kwenye picha zote za kukata keki. Siku hizi kimya nakitumia penye mwanga wa jua, na ukumbini narudi kwenye shata ya kawaida. Betri nayo: Nikon D850 ya kioo inakadiriwa picha 1,840 kwa chaji moja, Z7 isiyo na kioo ni 330, na betri zao ni za familia moja. Kazini unapata zaidi ya hapo, ila kwenye harusi ya siku nzima umeme ukikatika utaijua tofauti.

Kuna mambo mawili ambayo yakiwepo nakubali mtu ahame. La kwanza ni fokasi. Kama unapiga mpira, watoto wanaokimbia, au una lenzi ya f/1.4 na kila ukikuza picha unakuta iliyokolea ni nyusi na jicho limelegea, hapo bodi mpya itakulipa, na kwa mwenye lenzi za EF bodi hiyo iwe ya Canon kwanza. La pili ni lenzi unazozihitaji na watu unaofanya nao kazi. Sony waliwafungulia watengenezaji wengine mdomo wa E mwaka 2011, na Sigma na Tamron wamejaza lenzi nzuri za bei ya kati. Canon waliikawiza RF, hadi 2024 ndipo kampuni hizo mbili zikatangaza lenzi zao za kufokasi zenyewe, wakianza na za sensa ndogo. Na huku kwetu lenzi huazimwa. Kama wenzako wote wanne mnaogawana kazi wako Sony, Ijumaa jioni utapata 70-200 kwa simu moja. Ukiwa peke yako na mdomo tofauti, utakodi. Hilo halimo kwenye jedwali lolote la kulinganisha kamera, na kwangu lina uzito kuliko mengi yaliyomo.

Kabla ya kubaki na lenzi za zamani, hasa sisi wa pwani, ziwashie tochi kwa nyuma. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, ni fangasi wa unyevu, na lenzi hiyo usiihesabu kama mali ya kukuzuia kuhama.

Nilimwambia kijana afungue harusi zake tatu za mwisho, picha zote alizozitupa, azigawe mafungu: zenye chenga, zilizotikisika, zilizokosa fokasi. Alinirudia jioni. Fungu la chenga lilikuwa refu, la kutikisika lilifuata, la fokasi lilikuwa na picha kumi na moja. Jumamosi iliyofuata aliazima 50 ya f/1.8, akaivalisha 80D yake ileile, na usiku wa manane akanitumia picha ya mama wa bwana harusi akifuta machozi, ISO 1600, shanga za shingoni zinahesabika. Chini yake aliandika: “Kaka, hii 50 mpya Kariakoo naipata wapi?”