Bakteria Wanaozuia Seli Zetu Zisife: Dhana Potofu na Ukweli

Tukiambiwa bakteria ameingia ndani ya seli ya mtu, wengi tunamwona mwizi aliyevunja mlango: anapora, anaua, anakwenda nyumba ya pili. Wapo wa namna hiyo. Lakini baadhi ya bakteria wanaotutesa kwa muda mrefu zaidi hufanya kinyume chake. Huihangaikia seli waliyoingia isife, na jambo hilo huelezwa vibaya mara nyingi mno.

Dhana: Seli ikivamiwa, haichukui muda kufa.

Mchukue Chlamydia trachomatis, bakteria wa ugonjwa wa zinaa uitwao klamidia na wa ugonjwa wa macho uitwao trakoma. Nje ya seli hawezi kuzaliana hata kidogo. Huingia akiwa kichembe kidogo, kigumu, chenye kazi moja tu ya kuambukiza. Akiwa ndani hukaa kwenye kifuko chenye utando, akageuka kuwa umbo kubwa linalogawanyika tena na tena, kisha watoto wake hurudia umbo la awali tayari kwa safari. Mzunguko huo huchukua takriban saa 48 hadi 72. Seli ikifa katikati ya mzunguko, bakteria wote waliomo hupotea bure, kwa sababu lile umbo la kuzaliana haliwezi kuambukiza seli nyingine. Kuiua seli mapema kwake ni kukata tawi alilokalia.

Mwaka 1998 watafiti walizipa seli zenye klamidia kemikali ambazo kwa kawaida huzifanya zijiue. Zile zilizoambukizwa ziligoma kufa. Na hata saa ya kutoka ikifika, si lazima seli ipasuke: wakati mwingine kifuko husukumwa nje taratibu, na seli ikabaki hai.

Dhana: Seli kufa ni hasara kwa mwili.

Hapa ndipo penye mzizi wa kutoelewana. Kuna kifo ambacho seli hujipangia yenyewe. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie walikipa jina la apoptosi. Seli inayohisi imevamiwa huweza kujimaliza kwa utaratibu: hujikunja, hukatika vipande vilivyofungwa vizuri, na seli walinzi huja kuvimeza pamoja na mvamizi aliyemo. Ni kama mtu kuichoma nyumba yake adui akiwa bado ndani. Seli moja hupotea, majirani hupona.

Amri ya kifo hicho mara nyingi hupitia kwenye mitokondria, vile viungo vidogo vinavyoipa seli nishati. Protini iitwayo saitokromu c huvuja kutoka humo, nayo huamsha vimeng'enya vya kaspesi vinavyoibomoa seli kutoka ndani. Katika zile seli za mwaka 1998, saitokromu c haikuvuja.

Kwangu hili ndilo la kustaajabisha kuliko yote, kwa sababu mitokondria zenyewe ni uzao wa bakteria. Lynn Margulis alilitetea wazo hilo kwa nguvu mwaka 1967, na leo linakubalika kote. Mitokondria zetu bado zina DNA yao ya duara yenye jeni 37. Kwa hiyo bakteria wa kale ndiye aliyekalia swichi ya kifo, na bakteria wa leo humfuata hukohuko. Legionella pneumophila, anayeshambulia mapafu, hutuma protini ya SidF kuzishika protini mbili zinazochochea kifo. Anaplasma phagocytophilum, anayeenezwa na kupe, huingiza protini yake ndani ya mitokondria zenyewe. Na tazama seli anayoichagua: nutrofili, seli nyeupe ya damu ambayo maisha yake katika damu mara nyingi hayazidi siku moja. Asipourefusha muda huo, hana makazi.

Dhana: Bakteria huyu ama analinda, ama anaua.

Wengi hufanya yote mawili. Shigella, anayeleta kuhara damu, huziua seli walinzi zinazommeza, kisha huzihifadhi seli za ukuta wa utumbo anamozaliana. Bakteria wa kifua kikuu huzuia apoptosi, lakini akishaongezeka vya kutosha seli hupasuka ovyo na kumwaga bakteria walio hai. Anachokwepa ni kile kifo nadhifu kinachomfungia ndani.

Dhana: Anayeilinda seli anamfaa mwenye mwili.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Kwa mgeni huyu, anayepona ni seli, na mtu huumia. Dhana hii naiona ya hatari kuliko zote, kwani huchanganya bakteria hawa na wale wenye manufaa wa utumbo, ambao huishi nje ya seli zetu. Seli inayokaa kimya na mgeni wake ni sehemu ya sababu maambukizi haya hukawia mwilini. Wanawake wengi wenye klamidia hawahisi dalili yoyote, na huku mirija ya uzazi inaweza kupata makovu na kuziba. Jicho linaloambukizwa tena na tena kwa trakoma hupata makovu hadi kope zikajikunja ndani na kukwaruza mboni.

Dhana: Klamidia huikata protini ya kifo kwa kimeng'enya cha CPAF.

Hii ni ya wanaosoma biolojia. Ilifundishwa kwa miaka, na bado utaikuta imeandikwa. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba ukataji mwingi ulioripotiwa ulitokea baada ya seli kupasuliwa maabara, CPAF ikakutana na protini ambazo ndani ya seli hai hazikuwa mbele yake. Ushahidi ulio imara zaidi unahusu protini ya CpoS, inayokaa kwenye utando wa kile kifuko. Tafiti za mwaka 2017 zilionyesha kwamba klamidia asiye na CpoS husababisha seli yake ife mapema, naye hukosa kukamilisha uzazi wake.

Dhana: Antibiotiki yoyote itamfikia.

Jentamaisini huingia ndani ya seli kwa shida. Maabara hutumia udhaifu huo kwa makusudi: huua bakteria walio nje, kisha wakahesabu walionusurika ndani. Penisilini humsimamisha klamidia asigawanyike, naye akaweza kuendelea baada ya dawa kuondolewa. Doksisaiklini na azithromaisini hupenya hadi ndani ya seli, ndiyo maana klamidia hutibiwa kwa hizo.