Kabaila si kila mwenye nyumba

Mpangaji akipandishiwa kodi tu, utamsikia: "Yule mzee ni kabaila!" Nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia redioni, na juzi nimelisikia kwenye kikao cha harusi, akisemwa mtu mwenye vyumba sita vya kupangisha na duka la saruji. Nilinyamaza kwa heshima ya pilau. Hapa hakuna pilau.

Kabaila ni mtu wa tabaka la kurithi, anayeshikilia ardhi pamoja na watu walio juu yake, kwa kuwa amemwapia utii mkubwa wake na akiitwa vitani anakwenda. Mfumo huo ndio ukabaila. Basi.

Kinachonikera ni kumfanya pacha wa bepari. Tumezoea kuwasikia pamoja tangu Azimio la Arusha la 1967, lililomkataza kiongozi mambo ya kibepari na ya kikabaila, lakini maneno yenyewe hayakuzaliwa nyumba moja. Bepari limetoka Kigujarati, na huko maana yake ni mfanyabiashara. Kabaila limetoka Kiarabu, kwenye wingi wa lile lile neno lililotupa "kabila". (Ndiyo kusema "makabaila" ni wingi juu ya wingi, ila hilo tulishasameheana.) Pwani, kabaila alikuwa mtu wa ukoo wenye jina, hata kama mfukoni hana kitu. Kwa bepari unauliza ana kiasi gani. Kwa kabaila unauliza ni mtoto wa nani.

Mtazame kabaila mwenyewe, Enguerrand wa Saba, bwana wa Coucy, kaskazini mwa Ufaransa. Ukoo wake ulikuwa na majigambo yaliyosema: si mfalme mimi, si mwanamfalme, si duki wala kaunti (cheo, si zile za Kenya), mimi ni bwana wa Coucy. Alirithi akiwa mtoto. Mwaka 1358, kijana wa miaka kama 18, aliongoza wenzake kuwasaka wakulima walioasi. Mwaka 1360 akapelekwa Uingereza kuwa dhamana ya fidia ya mfalme wake, Jean wa Pili, aliyetekwa vitani Poitiers. Huko huko, mwaka 1365, akamwoa Isabella, binti wa mfalme Edward wa Tatu, na akapewa cheo na ardhi za Kiingereza. Sasa ana viapo viwili, kwa wafalme wawili wanaopigana. Bepari hawezi kupata shida ya namna hii. Wateja wake wawili wakigombana, anawauzia wote. Enguerrand alisubiri Edward afe, mwaka 1377, akarudisha vyeo vya Kiingereza na kubaki na Ufaransa. Alikufa 1397 akiwa mateka huko Bursa, mji wa Uturuki ya leo, baada ya Waosmani, yaani Waturuki wa enzi hizo, kuwashinda yeye na wenzake kwenye vita vya Nicopolis.

Lakini jambo ambalo ningemwambia yule wa kikao cha harusi ni la mwaka 1368. Mwaka huo Enguerrand aliwapa uhuru watu wa vijiji vyake 22, kwa sharti la malipo ya kila mwaka. Kabla ya hapo walifungwa kwake: kuoa nje ya himaya yake ni mpaka ruhusa, na mtu akifa bila mtoto mali inakwenda kwa bwana. Hakuwaachia kwa huruma. Walikuwa wanamtoroka, na ardhi isiyo na watu haimpi kabaila chochote.

Mwenye nyumba anatishia kukutoa. Kabaila alikuzuia kuondoka.

Kwa hiyo yule mzee wa vyumba sita, ambaye hajamwapia mtu yeyote utii zaidi ya aliyemkopesha saruji, tumwite bepari kama lazima, tena bepari mdogo sana. Mimi naona hata "mwenye nyumba" lingemtosha.