Ukipita sokoni, Kiingereza kinataka kujua umepita vipi

Chukua sentensi tatu fupi: niko sokoni, naenda sokoni, natoka sokoni. Neno "sokoni" halikubadilika hata herufi moja. Ile "-ni" inatuambia tu kwamba tunazungumzia mahali. Kama mtu yupo pale, anaelekea pale au anatoka pale, hayo yote yamebebwa na kitenzi. Ukitaja mahali kwa jina lake, hata hiyo "-ni" huihitaji: niko Majengo, naenda Majengo, natoka Majengo. Kwa Kiingereza utasema "I am at the market", "I am going to the market", "I am coming from the market". Sasa mwelekeo umekabidhiwa vineno vitatu: "at", "to" na "from".

Nafundisha Kiingereza hapa Dodoma, na wengi wa wanafunzi wangu ni wa kidato cha kwanza, waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na ghafla wanatakiwa kujifunza karibu kila somo kwa Kiingereza. Mmoja akiandika "I went at the market", kawaida hupigiwa mstari mwekundu na kuambiwa akariri orodha ya vihusishi, yaani vineno kama hivyo. Sioni kama orodha ile inamsaidia. Mtoto huyo amefuata kanuni sahihi ya lugha yake, kwamba mahali hapabadiliki na kitenzi ndicho kinachoonyesha mwendo unakoelekea. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba Kiingereza kimeipanga kazi hiyo kwa namna nyingine.

Angalia vitenzi vyetu: ingia, toka, panda, shuka, vuka, zunguka, karibia. Kila kimoja kimebeba njia ndani yake, yaani mwendo unaelekea wapi. Kiingereza kwa kawaida hubeba ndani ya kitenzi namna ya kwenda, yaani "walk", "run", "jump", "crawl", na njia hukiachia kihusishi. Mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy aliieleza tofauti hii kati ya lugha za dunia katika maandishi yake ya miaka ya 1980, na kwangu hakuna nadharia iliyonifaa zaidi darasani. Sisi tunasema "mbuzi alitoka zizini mbio". Mwingereza anasema "the goat ran out of the pen". Mbio yetu, iliyokaa mwishoni kama nyongeza, kwake ndiyo kitenzi, na "toka" yetu imekuwa "out of". Vivyo hivyo "mtoto alivuka barabara akikimbia" ni "the child ran across the road". Mwanafunzi ataandika "the child crossed the road running". Sarufi haina kosa, ila sentensi ni nzito, na mwenye lugha hasemi hivyo. Basi nawaambia waanze kwa kutafuta namna ya mwendo, waifanye kitenzi, kisha njia waiweke kwenye kihusishi.

Kitenzi kinachowasumbua kuliko vyote ni "pita". Mtu akisema "jana nilipita sokoni", Mswahili anaelewa kutokana na mazungumzo alipita vipi. Kiingereza hakikubali jambo hilo liachwe wazi. Ukikatiza katikati ya meza za nyanya na vitunguu ukatokea upande wa pili, ni "I walked through the market". Ukipita nje bila kuingia, ni "I walked past the market". Ukiingia mara moja kununua mafuta ya kupikia kisha ukaendelea na safari, ni "I stopped by the market". Na kama soko lilikuwa njia tu ya kukufikisha kwingine, "via" inatosha, kama basi la Arusha linalopita Kondoa: "We went to Arusha via Kondoa".

"Through" inataka kitu kinachokuzunguka: msitu, umati, mji, handaki. Treni ya mwendokasi ikitoka Morogoro kuja huku kwetu inapenya milima ya Kilosa, na hapo ni "the train goes through the tunnels". "Across" inataka uso wa kitu, utoke ukingo mmoja hadi mwingine: mto, uwanja, barabara. "Along" inafuata urefu wa kitu. Hizi mbili za mwisho nazisisitiza sana, kwa sababu anayemwelekeza mgeni akachanganya "walk along the railway line" na "walk across the railway line" anaweza kumfanya atembee kando ya reli hadi kituo kingine, kumbe alitakiwa avuke tu.

Tofauti ya "to" na "towards" ni nyepesi zaidi. "She walked to the station" maana yake alifika. "Towards" inasema alielekea huko, kufika hakujatajwa.

Kwenye vyombo vya usafiri kuna mantiki, ingawa vitabu vingi havielezi. Gari dogo na bajaji unaingia na kukaa, hivyo ni "get into" na "get out of". Basi, treni, meli na ndege vina nafasi ya kusimama na kutembea, hivyo ni "get on" na "get off". Bodaboda na baiskeli unazikalia juu, nazo ni "get on". Daladala je, ile Hiace unayoinama kuingia? Mimi nafundisha "get on", kwa kuwa ni usafiri wa umma wenye njia yake, na Kiingereza huuhesabu pamoja na mabasi.

Kuna vitenzi vya Kiingereza vinavyofanana na vyetu. "Enter", "approach" na "descend" vilitokana na Kifaransa, lugha iliyoingia kwa nguvu Uingereza baada ya Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuitwaa mwaka 1066, na vimebeba njia ndani yake. Ndiyo maana tunaandika "she entered the room" bila "into", na "we approached the bridge" bila "to". "Enter into" ibaki kwa mikataba na makubaliano. "Reach", ambalo ni neno la Kiingereza cha asili, linafuata mkondo huohuo: "we reached Dodoma".

"Arrive" nalo halitaki "to" kamwe. Kiingereza humhesabu aliyefika kuwa tayari yupo pale, kwa hiyo kinatumia vihusishi vya kuwepo: "we arrived in Dodoma" kwa mji, "we arrived at the bus stand" kwa stendi ya Nzuguni.

Halafu kuna "home". "I am going to home" naiona kwenye madaftari kila muhula. "Home", "here", "there", "upstairs" na "abroad" zikifuata vitenzi vya mwendo, "to" imo ndani yake tayari: "go home", "come here", "go abroad". Lakini ukisema ni kwa nani, "to" inarudi: "I went to my grandmother's home in Mpwapwa". Na "from" haina kizuizi hicho, unaweza kuandika bila wasiwasi "I walked from home to the station".