Wimbo wa kwanza wa jazi haudai kukariri kila noti
Wanafunzi wengi wa piano huamini kwamba wimbo wa kwanza wa jazi hujifunzwa kwa kukariri noti zote za mikono miwili, kama ilivyo katika muziki wa klasiki. Imani hiyo si sahihi, na huwakatisha tamaa watu wenye uwezo. Karatasi ya wanajazi kwa kawaida huonyesha melodi na majina ya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Mengine huachiwa mpigaji.

Tuchukue wimbo “Autumn Leaves”, ambao melodi yake ilitungwa na Joseph Kosma nchini Ufaransa mwaka 1945. Katika ufunguo (kundi la noti ambalo wimbo hujengwa juu yake) wa G ndogo, unaotumiwa mara nyingi, kodi tatu za kwanza ni C ndogo ya saba, F ya saba na B-flati kubwa ya saba (flati ni noti iliyoshushwa nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kwenye piano). Mkono wa kushoto unaweza kupiga noti ya tatu na ya saba tu za kila kodi, zikihesabiwa katika skeli kuanzia noti inayoipa kodi jina, kwa kuwa hizo ndizo zinazobainisha sura yake. Kwenye C ni E-flati na B-flati. Inapofika F, E-flati hubaki mahali pake huku B-flati ikishuka nusu toni hadi A. Kisha A hubaki, na E-flati hushuka hadi D. Mwanafunzi anayeusikia mwendo huo, ambao ni muhimu kuliko kasi ya vidole, ataukuta tena katika nyimbo nyingi za jazi.