Kina Mukasa Wote Si Ndugu: Jinsi ya Kufuatilia Ukoo Nchini Uganda

Mwaka jana alikuja kijana mmoja kwenye chumba chetu cha kusomea nyaraka, mkononi ana daftari la shule la kurasa 96. Ndani yake alikuwa ameorodhesha watu 41, wote kina Mukasa. Wengine aliwapata Facebook, wengine kwenye matangazo ya vifo redioni, na wawili walikuwa waendesha boda boda waliowahi kumbeba. Alikulia kambini Jinja, mtoto wa askari, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa safi na Kiganda chake cha kuokoteza. "Mzee," akaniambia, "katika hawa, ndugu wa babu yangu ni yupi?" Nikamwuliza mwiko wa ukoo wake, yaani yule mnyama ambaye ukoo haumli na unajulikana kwaye. Akasema Mmamba. Nikamwuliza Mmamba ipi, na figa gani, yaani tawi gani la ukoo. Akanyamaza, kisha akalifungua tena daftari kana kwamba jibu limo humo.

Maswali ya namna hii tunayapokea kila mara. Yanatokana na fomu. Fomu ya shule, ya pasipoti na ya laini ya simu zote zina kisanduku cha jina la mwisho, nasi tumezoea kukijaza hadi tukaamini kuwa kilichomo ndicho kinachotuunganisha na babu zetu. Kwa sehemu kubwa ya Uganda sivyo. Jina la mwisho mara nyingi ni lako peke yako.

Chukua Buganda. Mtoto hupewa jina kutoka hazina ya majina ya ukoo wa baba yake, na kwa kawaida hilo ni jina la mtu aliyetangulia, si la baba. Ndiyo maana ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matatu ya mwisho, na wala hakuna anayeshangaa. Ukoo ukiwa na majina yake, mjuzi akilisikia jina anaweza kukuambia huyu ni wa mwiko gani. Lakini yapo majina yasiyo na mwenyewe. Mukasa ni lubaale, yaani mungu wa jadi, wa ziwa Nalubaale, hilo tunaloliita Victoria. Kiwanuka na Musoke nao ni majina ya balubaale. Yamesambaa kwenye koo nyingi. Majina ya pacha ndiyo kabisa: Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, Kizza anayewafuata, na Kamya anayemfuata Kizza. Hayo hutolewa na tumbo, si na ukoo.

Ukienda kaskazini, Okello wa Gulu, Okello wa Lira na Okello wa Kisumu wana jambo moja tu la kushirikiana: alizaliwa baada ya pacha, au amerithi jina la aliyezaliwa hivyo. Okot alizaliwa wakati wa mvua. Magharibi, Tumusiime, Byaruhanga na Mugisha ni sala na shukrani za mzazi siku ile; jirani naye alishukuru kwa neno lilelile. Huko Bunyoro na Tooro kuna pia empaako, zile Akiiki, Amooti, Abwooli, Ateenyi na wenzake, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ni jina la heshima na mapenzi, tamu sana masikioni, lakini ni machache na yanagawiwa wote. Usimtafutie mtu babu kwa empaako.

Na wenzetu Wanubi wa Bombo, ambao wengi wenu mnasoma makala haya, wana utaratibu mwingine: jina lako, la baba, la babu. Juma Ramadhan Fadhili akizaa Abdalla, mtoto anaitwa Abdalla Juma Ramadhan, na Fadhili anatoka kwenye karatasi. Kila kizazi hudondosha babu mmoja. Kwao cha kufuata ni kabila la asili la yule askari wa kwanza, Bari au Makaraka au Kakwa, na kama alikuwa miongoni mwa askari wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Equatoria kusini mwa Sudan, waliochukuliwa na Lugard, ofisa wa Kiingereza, mwaka 1891.

Basi kama si jina, ni nini? Kwa Waganda ni ngazi ya ukoo, na msomaji wa Kiswahili ana bahati kwa sababu maneno yenyewe yananukia nyumbani. Juu kabisa ni akasolya, kilele cha paa. Chini yake ni ssiga, ambalo ni figa letu lilelile la jikoni. Kisha mutuba, mti unaotoa nguo ya magome. Kisha lunyiriri, yaani mstari. Kisha luggya, ua wa mbele ya nyumba. Mwisho nyumba yenyewe. Mtu anayejua figa lake na mutuba wake amekwisha kupunguza maelfu ya watu kuwa mamia. Akijua na lunyiriri, amebakiza watu wanaoweza kuenea kwenye basi moja. Mtu anayejua Mukasa tu hajapunguza chochote.

Nitoe onyo hapa kwa sisi tunaowaza kwa Kiswahili. Mmamba si mamba. Ni yule samaki wa matopeni anayepumua hewa, kambare-mamba. Mamba wa meno kwa Kiganda ni ggoonya. Nimeona mti wa ukoo ulioandikwa kwa ustadi na kuchorewa mamba mkubwa juu, na wazee wakaukataa hata kuushika. Nkima ni tumbili, Ngeye ni mbega, Lugave ni kakakuona, Ffumbe ni fungo, Ngabi ni pongo. Tena mwiko mmoja hauna maana ya ukoo mmoja. Pongo ni mwiko wa Wabiito, ukoo wa kifalme wa Bunyoro, na pia wa Baise Ngobi wa Busoga. Hata Mmamba yenyewe ina ya Gabunga na ya Kakoboza, na zinahesabiwa mbalimbali. Ndiyo maana nilimwuliza kijana Mmamba ipi.

Busoga kuna nafuu: neno Baise mbele ya jina la mhenga huwa linakutajia ukoo moja kwa moja. Na Bugisu kuna hazina ambayo watu hawaitumii. Imbalu, tohara ya vijana, hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kila kundi lina jina lake. Mzee asiyejua alizaliwa lini anajua alitahiriwa na kundi lipi na nani walisimama naye. Ukilipata jina la kundi, umepata mwaka wa tohara, na kutoka hapo unarudi nyuma miaka 16 hadi 20 na kidogo.

Jina jingine linalopoteza watu ni lile la cheo. Mkuu wa ukoo wa Nkima huitwa Mugema, wa Ffumbe huitwa Walusimbi, wa Lugave Ndugwa, wa Ngeye Kasujja. Yeyote anayekikalia kiti huchukua jina hilo. Machifu wa masaza, yaani majimbo ya Buganda, nao ni hivyo: Pokino ni wa Buddu, Ssekiboobo ni wa Kyaggwe, Mukwenda ni wa Ssingo. Ukikuta Pokino kwenye karatasi ya 1900 na Pokino mwingine kwenye ya 1930, usiandike baba na mwana. Huenda hawakuwa hata wa ukoo mmoja.

Sasa mahojiano na wazee, kazi ninayoipenda kuliko zote na ambayo watu huiharibu kwa haraka. Kwa Waganda, mtu akifa huwekwa mrithi siku ya kwabya olumbe, na mrithi huyo huingia mahali pa marehemu. Kijana wa miaka 12 aliyerithi nafasi ya babu ataitwa jjajja (babu) na watu wazima, bila mzaha. Vilevile ndugu wa baba ni baba, mkubwa au mdogo, kama ilivyo kwetu. Kwa hiyo bibi akikwambia "baba alikuwa mkali sana," usiandike kwanza. Mwulize: aliyekuzaa, ndugu yake, au mrithi wake? Nimeona miti ya ukoo yenye mtu aliyekufa mara mbili na kuzaa akiwa na umri wa miaka saba, yote kwa sababu ya swali hilo moja kutoulizwa. Uliza pia kama kuna daftari la msiba. Familia nyingi huandika watoto na wajukuu wa marehemu siku ya kuweka mrithi, na daftari hilo hulala kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda cha mtu asiyedhaniwa.

Tarehe usizitafute moja kwa moja. Uliza kilichotokea. Je, mjomba alikuwa tayari anatembea Kabaka Mutesa alipopelekwa uhamishoni, Novemba 1953? Harusi ilikuwa kabla au baada ya kurudi kwake Oktoba 1955? Kwa vizazi vya nyuma kuna ugonjwa wa malale, uliowaua watu zaidi ya 200,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, na uhamisho wa watu wa pwani na visiwa vya ziwa kuanzia 1906. Kama simulizi la kwenu lina shimo hapo, na babu anatokea ghafla bara bila ndugu, hiyo ni sababu ya kutosha.

Tuje kwenye karatasi. Wamisionari wa CMS, Waprotestanti wa Kiingereza, walifika 1877, na Mapadri Weupe, Wakatoliki, 1879. Wakatoliki wa kwanza walibatizwa tarehe 27 Machi 1880, Waprotestanti tarehe 18 Machi 1882. Nyuma ya hapo hakuna rejista, kuna midomo ya wazee tu. Namna jina la ubatizo lilivyoandikwa hukuonyesha mlango wa kubisha: Yozefu na Yowana ni wa Katoliki, Yusufu na Yokaana ni wa Protestanti (ingawa Yusufu anaweza pia kuwa Mwislamu, tazama jina la baba yake). Kwenye rejista ya Kikatoliki, usiishie kwenye mstari wa jina. Tazama pembeni. Tangu 1908 kanisa liliagiza ndoa irudishwe na kuandikwa kwenye rejista ya ubatizo, kwa hiyo ukingoni, kwa mwandiko mwingine na wino mwingine, unaweza kukuta mwaka wa ndoa, jina la mke na parokia ya mbali ambayo hukuwahi kuifikiria. Mstari huo mdogo ulioandikwa kwa kubanwa umewafikisha watu wengi kijijini kuliko barua zangu zote.

Kuhusu tahajia, uwe mkarimu. Kiganda kilipata maandishi sanifu baada ya mkutano wa 1947. Kabla ya hapo karani aliandika alichosikia: Kagwa na Kaggwa, Sekandi na Ssekandi, Kyaggwe ikawa Chagwe, na R na L zikabadilishana viti. Tafuta kwa sauti, usitafute kwa herufi.

Nyaraka za ardhi ya mailo, ile ya umiliki binafsi iliyotokana na Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, zinafaa kwa sababu mwenye ardhi akifa hati hubadilishwa na warithi hutajwa. Mafaili ya mirathi ya ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi ni hivyohivyo. Nyaraka za Taifa, zilizokaa Entebbe miaka mingi, sasa ziko Wandegeya, Kampala. Humo tafuta kwanza mahali na chifu, ndipo jina. NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu iliyoanzishwa kwa sheria ya 2015, ni ya walio hai zaidi kuliko ya mababu. Na kipimo cha DNA? Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, hivyo inaweza kuonyesha kama wanaume wawili wana mhenga mmoja wa kiume. Haitakutajia figa. Na inaweza kufungua mlango ambao bibi yako aliufunga kwa makusudi, kwa hiyo mimi huwa naiweka mwisho.

Kijijini, pitia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwanza. Usiende mikono mitupu: kilo mbili za sukari, sabuni ya mche, mkate. Na usianze na makaburi. Mgeni anayeuliza makaburi yako wapi hudhaniwa amekuja kudai kibanja, yaani kipande cha shamba, na hapo kila mzee atasahau kila kitu. Anza na walio hai, omba kusalimia, na acha wao wenyewe wakupeleke kwenye biggya, makaburi ya ukoo.

Kijana wa Jinja alirudi baada ya miezi minne. Orodha ya watu 41 hakuitaja tena. Kwenye ukurasa mpya alikuwa na majina sita yaliyopangwa kwa ngazi, na Mukasa alikuwamo mmoja tu: babu yake. Shangazi mzee, dada ya baba yake, ndiye aliyemfungulia. Babu alipokwenda kujiandikisha jeshini wakati wa vita vya Hitler, karani alishindwa kuandika jina lake, akachoka, akamwandika Mukasa kama wale wawili waliokuwa mbele yake kwenye foleni. Likabaki hilo kwenye kadi ya jeshi, kisha kwa watoto, kisha kwenye kitambulisho cha mjukuu.

Jina alilopewa na ukoo lilikuwa jingine. Shangazi alilitaja mara moja, kwa sauti ya chini. Kijana akamwomba arudie, akamwuliza kama ni kwa S moja au mbili. Akajibiwa kuwa yeye hakusoma, lakini akae karibu, atalitamka polepole.